Msemaji wa Wagonjwa

Kabla hajaanza kusindikiza watu hospitali, kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa duka la mashuka na kipaza sauti, akiita wateja. Ndiko jina la Msemaji lilikotoka. Duka letu la vifaa vya ushonaji, nyuzi, zipu, vifungo na lesi, lilitazamana na hilo la mashuka, kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa namsikia, nitake nisitake. "Shuka zito, shuka la harusi, shuka la mgeni, ingia ndani ushike mwenyewe." Hakupayuka kama hawa wa sasa wanaofungulia na muziki. Alizungumza taratibu, kama mtu anayeongea na shemeji yake, na watu walikuwa wanaingia.

Kazi ile aliiacha. Wengine husema sauti yake ilichoka. Wengine husema mwenye duka alinunua chombo kinachorudia maneno yale yale asubuhi mpaka jioni, akawa hahitajiki tena. Sijawahi kumwuliza. Jina lenyewe halikumtoka. Alipoanza kazi ya pili, isiyo na mshahara wala ofisi, watu wa Kariakoo waliendelea kumwita Msemaji, ingawa huko kwenye kazi ya pili alikuwa haongei sana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kama unaumwa na unaogopa kwenda kumwona daktari peke yako, au ulikwenda ukarudi hujaelewa ulichoambiwa, au ndugu zako wanakuamulia jambo na wewe hulitaki, unamtafuta Msemaji. Anakaa na wewe kwanza, kwako au barazani kwa mtu. Anakuuliza unataka nini. Halafu mnakwenda pamoja. Hakuwa daktari, hakuwa nesi, hakuwa ndugu yako, hakuwa mtu wa serikali. Aliwahi kuhudhuria semina ya haki za wagonjwa iliyoletwa mtaani na shirika fulani, wakampa kizibao chenye maandishi mgongoni. Kizibao kile alimpa muuza kahawa, na muuza kahawa akakivaa mpaka maandishi yakafutika.

"Nikivaa kile," aliniambia, "mgonjwa ataona nimetumwa."

Hilo la kutumwa lilikuwa linamsumbua kuliko yote. Kuna siku nilikuwa nimempeleka mama kliniki ya kisukari, nikamkuta Msemaji kwenye korido anazungumza na dada wa ustawi wa jamii wa pale hospitali. Yule dada alikuwa amemwona akija na watu mara nyingi akataka kumfanyia wepesi. Alimwambia watampa kiti ofisini kwao, karibu na dirisha, awe anawapokea wagonjwa hapo badala ya kuzunguka juani. Msemaji akashukuru, akakataa.

"Kwa nini, mzee? Si kazi ni ile ile?"

"Nikikaa kwenye kiti chenu nitakuwa na sura yenu. Mtu akiwa na malalamiko juu yenu, atamwambia nani?"

"Kwa hiyo sisi ni maadui?"

"Hapana, mwanangu. Nyinyi ni wenyeji. Mgonjwa ni mgeni. Mgeni akija na mwenzake hutulia."

Dada yule akacheka, akamwacha aende zake.

Na kwa ndugu wa mgonjwa alikuwa hivyo hivyo. Chai alikunywa kwa kila mtu. Chakula cha ndugu wa mgonjwa hakula, hata wakimshika mkono. Alisema ukishakula pilau ya mtu mdomo wako unakuwa wake. Watu wengine waliona ni maringo. Mama yangu, ambaye alipenda sana kulisha watu, aliona ni ukosefu wa adabu, na alimwambia hivyo usoni. Msemaji akasema, "Siku utakapoumwa, dada yangu, utafurahi sijala kwako." Mama akamwambia ashike adabu yake na aende salama.

Alikuwa na tabia ya kubeba kigoda cha kukunja, kile wanachotumia wavuvi wa ndoana, kwenye mfuko wa nailoni. Wodini hakusimama pembeni ya kitanda hata siku moja. Alikunjua kigoda akakaa, kichwa chake kikawa chini kidogo ya kichwa cha mgonjwa. Hakupenda kumsimamia mtu aliyelala. Halafu aliwaomba ndugu watoke nje. Hapo ndipo alipopatia maadui wengi, maana kwetu sisi kumtoa ndugu nje ni kumtukana. Shangazi mmoja alikataa kabisa kutoka, akakaa kitandani miguuni pa mgonjwa na mkoba wake mapajani. Msemaji naye hakubanduka kwenye kigoda. Alikaa tu, mpaka shangazi mwenyewe akaona haya akanyanyuka.

Alivyokuwa akifanya mbele ya daktari nimesimuliwa na mchukuzi mmoja, mtu wa miraba minne anayebeba majora ya vitambaa kichwani kutoka kwenye malori. Alikuwa na ngiri, na kwa muda mrefu alikuwa anaificha kwa sababu ya aibu. Walipoingia chumbani, daktari akamtazama Msemaji.

"Mgonjwa wako anasumbuliwa na nini?"

"Huyo hapo, daktari."

Basi. Hakuongeza. Mchukuzi anasema kimya kilikuwa kirefu hata akasikia feni inavyokwaruza. Daktari akangoja, Msemaji akangoja, mchukuzi akaangalia sakafu. Mwisho akasema mwenyewe, kwa maneno yake ya mtaani, na daktari, mtu mwema tu aliyechoka, akaweka kalamu chini akamsikiliza mpaka mwisho. Walipotoka nje mchukuzi alikuwa amekasirika.

"Mzee, nimekuleta useme. Umekaa kama gunia."

"Kimebaki nini hakijasemwa?"

Mchukuzi akafikiri. Akasema hakuna.

"Basi ningesema nini?"

Maneno aliyokuwa akiyasema huko ndani yalikuwa machache na yale yale. "Sista, alikuwa hajamaliza." "Daktari, hapo hajaelewa, naomba umrudie." Na akitoka na mgonjwa alikuwa akimwuliza kwenye ngazi, "Haya, niambie mimi, umeambiwa nini?" Kama mgonjwa hawezi kusema, walikuwa wanarudi ndani. Madaktari wengine walimchukia kwa hilo. Wengine walimzoea, na mmoja alikuwa akimwona tu korido anamwita mwenyewe, "Mzee, njoo, nina mama hapa hataki kuongea na mimi."

Hakuwa mtu wa kumfurahisha kila mtu. Palikuwa na fundi saa mmoja, mzee, mjane, anaishi nyumba moja na watoto na wajukuu, nyumba imejaa. Huyo alitaka kwenda kuishi kwenye makazi ya wazee. Watoto wake hawakutaka hata kusikia. Kwa Waswahili mzazi kupelekwa kule ni fedheha, watu watasema mmemtupa. Msemaji akakaa na mzee, akamsikiliza, akaenda naye ustawi wa jamii. Watoto wakamfuata barazani.

"Unamtoa baba yetu nyumbani kwake?"

"Mmemwuliza mwenyewe?"

"Tumwulize nini? Hapa ana kila kitu."

"Ameniambia nyumba ina watu wengi na hakuna anayeongea naye. Kule kuna wazee wenzake wa kucheza nao bao."

Mtaa mzima ulimsema Msemaji kwa jambo lile. Mimi mwenyewe nilimsema, nikiwa nakata lesi. Mzee alikwenda. Sikukuu ya Idi alirudi kusalimia, amenenepa, ana majivuno kidogo, na jioni yake akaomba arudishwe mapema kwa sababu walikuwa na mashindano.

Sitaki kumfanya mtu wa peponi. Alikuwa na kinyongo. Jirani yake mmoja aliwahi kumzushia kwamba anauza siri za wagonjwa, anazipeleka kwa waganga ili wajifanye wameziona kwenye ramli. Uzushi ule ulimwumiza, kwa sababu siri ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho. Baadaye jirani huyo huyo figo zilimharibikia, akawa anaingia hospitali anatoka, na watoto wake wako mbali. Msemaji alikwenda naye kila alipoitwa, akakaa naye kwenye foleni, akamsubiri. Lakini wakikutana mtaani alikuwa anapita kama hamwoni. Nilimwambia, "Mzee, mtu unamsindikiza hospitali, unashindwa kumsalimu?"

"Hospitali alihitaji mtu. Salamu sikumwahidi."

Na nyumbani kwake alikuwa mwingine kabisa. Mkewe alikuwa mteja wangu. Siku moja alikuja kununua lesi ya pazia, akasimama muda mrefu mbele ya mabunda, mpaka nikamwuliza anasita nini. Akasema, "Mwanangu, nasubiri apite anionyeshe ipi. Mimi kwangu hata pazia sichagui. Analeta yeye, anatundika yeye." Alisema bila uchungu, kama mtu anayekuambia nyumba yake inatazama upande gani. Nilimtania Msemaji kwa hilo siku nyingine. Akasema, "Nyumbani sipo kazini." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Na mwenyewe hospitali haendi. Jino lilimvimbisha shavu likawa kama andazi, akawa anatembea na karafuu mdomoni, ananuka kama chungu cha pilau, huku kila siku anawapeleka wenzake. Nilimwambia, "Nikusindikize?" Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue shati. Jino lilipona lenyewe, au lilikufa, sijui.

Sasa niseme ya mama.

Mama alikuwa na kisukari miaka mingi na alikibeba kama mtu anavyobeba mkwe mkorofi, kwa subira na kwa kumsema chini chini. Kandambili mpya ilimchubua kati ya vidole vya mguu wa kushoto. Alipaka alichopaka, akafunga kitambaa, akaendelea na shughuli zake. Alipotuonyesha, vidole viwili vilikuwa vimeshabadilika rangi. Tulimpeleka hospitali. Walimlaza, wakamsafisha, wakampa dawa, wakatazama, wakasafisha tena. Halafu daktari akatuita mimi na kaka. Alikuwa dada kijana, mpole, nasema hivyo kwa haki. Alisema uozo unapanda na ili mama aishi inabidi mguu ukatwe chini ya goti.

Kaka ni mtu wa bandarini, anatoa mizigo ya watu. Kazi yake ni kuhakikisha jambo halikwami. Alisema hapo hapo, "Kata, dokta. Lini?" Daktari akasema ni lazima mama mwenyewe akubali, maana akili yake ni timamu. Alipomwuliza mama, mama aligeukia ukutani. Alipomwuliza tena, mama akasema, "Muulizeni mwanangu, si ndiye anayejua." Kaka akasema, "Si mnasikia? Amekubali." Daktari akasema hapana, hilo si kukubali.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Nikafikiri, mtu wa kuliweza hili ni Msemaji. Nilimfuata. Nilimwambia wazi kwamba mama anakataa kukatwa mguu na nataka amsaidie akubali.

"Mimi sishawishi," alisema.

"Mzee, atakufa."

"Nimekusikia. Mimi nitamwuliza."

Niliona ni maneno yake tu. Nilimjua kwa miaka, nikajua akiona hali yenyewe ataelewa.

Alikuja na kigoda chake. Akatutoa nje. Kaka alitoka kwa shida. Tulikaa kwenye benchi la korido, kaka anapokea simu za mizigo yake, anakata, anapokea. Mimi nilikuwa naangalia mlango. Msemaji alikaa ndani sana. Alipotoka alikuwa amekunja kigoda, amekishika kwa mikono miwili.

"Mama yenu hataki mguu ukatwe," alisema. "Anataka kurudi nyumbani."

Kaka akasimama. "Umemwambia nini?"

"Sijamwambia. Nimemwuliza."

"Mtu ameoza mguu, ana homa, unasikiliza anachosema?"

"Ndiyo maana nimemwomba daktari aje amsikie mwenyewe. Mimi peke yangu sitoshi."

Daktari akaja, akaja na mkubwa wake, mtu mzima mwenye mvi. Safari hii na sisi tuliruhusiwa, mama mwenyewe alisema tuingie. Daktari mkubwa akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimweleza mama kila kitu kwa Kiswahili chepesi, hakumficha. Halafu akamwomba arudie alichoelewa.

Mama akasema, "Mkikata, huenda nikaishi. Msipokata, sumu itapanda nitakufa, na sitakufa vizuri. Nimekosea?"

"Hujakosea, mama."

"Basi nimeelewa. Nirudisheni Kariakoo."

Kaka akaanza kulia. Sijawahi kumwona analia tangu utotoni. Mama akamwambia, "Baba, usigombane na watu. Nimesema mimi." Halafu akafumba macho, akaonekana mtu aliyemaliza kazi.

Nje, kaka alimkabili Msemaji pale kwenye ngazi. Hakumgusa. Alimwuliza tu, "Wewe huna mama?" Msemaji akanigeukia. Aliniuliza mimi kama nitaweza kuosha kidonda nyumbani, kwa sababu mama amesema anataka niwe mimi. Halafu akarudi ndani kuwauliza manesi habari za bandeji na dawa za maumivu, na nesi wa kumtembelea nyumbani, na akahakikisha tumeelewa kabla hatujaondoka.

Nilikuwa naosha kidonda asubuhi na jioni. Watu huniuliza niliwezaje. Niliweza kwa sababu tangu siku ile ya ngazi kitu fulani ndani yangu kilikufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya. Niliosha kidonda kama ninavyopanga vifungo dukani, vikubwa huku, vidogo kule. Harufu niliisikia na haikunisumbua. Nilikuwa napika, nafungua duka, nafunga, narudi. Mama alikaa barazani kwenye kiti cha mkeka, mguu juu ya mto, anasalimiana na wapita njia. Alikula samaki aliyekatazwa, kwa namna aliyokatazwa, na chumvi. Alicheka mara nyingi. Usiku dawa zilimsaidia, siku nyingine hazikumsaidia.

Msemaji alikuja kila Ijumaa baada ya swala. Alikunywa chai. Alimwuliza mama maneno yale yale, mimi nikiwa nyuma ya pazia nasikia.

"Bado ni hivyo, dada?"

"Bado."

"Ukibadilisha, hata leo, tunarudi. Hakuna atakayekucheka."

"Najua."

Ijumaa moja alipouliza, mama alinyamaza. Nilikuwa nimeshika kitambaa chenye maji, nikabaki hivyo hivyo, maji yanadondoka sakafuni. Nilikuwa nasubiri. Mama akasema, "Bado." Msemaji akasema haya, akamwomba radhi kwa kumsumbua, akaenda.

Mama alifariki kabla masika hayajaisha. Jangwani kulikuwa kumejaa maji, na ndugu wa upande wa Magomeni walichelewa mazishi kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Msemaji alikuja kuzika, akasimama nyuma ya watu wote, akachukua udongo akatupia kama wengine. Kaka alimwona. Hakumfukuza. Lakini arobaini ilipopita alianza kusema mtaani kwamba Msemaji ndiye aliyemwua mama. Alisema alimlisha maneno mle ndani, akamtia ujinga, mama asingekataa peke yake. Kaka anaheshimiwa, na mwenye msiba huwa hapingwi. Watu wakaanza kumkwepa Msemaji. Shangazi yule wa mkoba alisema yeye alijua tangu mwanzo.

Msemaji hakujitetea. Niliwahi kumwona anapita mbele ya kijiwe cha kahawa, watu wakanyamaza, akasalimia, wakaitika kwa mdomo tu. Mimi wateja waliniuliza, "Dada, eti ni kweli wanavyosema?" Nilikuwa nawajibu, "Zipu ya inchi ngapi?" Sikumtetea na sikumlaumu. Sikuwa najua lipi ni la kweli. Mama nilimjua, alikuwa mtu wa kukataa mambo. Lakini mle ndani sikuwepo, na Msemaji alikaa sana.

Baada ya muda duka la mashuka lilifungwa, nyumba aliyokuwa akiishi Msemaji ikauzwa ili ijengwe ghorofa, yeye na mkewe wakahama. Nikasikia yuko Mbagala, nikasikia yuko Tandika. Miaka ikapita. Mimi na kaka tulikuwa tunaonana, tunakula pamoja sikukuu, tunaongea habari za watoto na bei za makontena. Mama hatukumtaja. Ukitaka kujua ganzi inavyokaa kwenye nyumba ya watu wazima, ni hivyo. Hakuna ugomvi. Kila mtu anapitisha bakuli.

Mwaka huu nilikwenda mtaa wa Gerezani kutafuta kifaa cha cherehani ya mteja wangu, kidude ambacho dukani hatuna. Nikapita kwenye karakana za wachomeleaji. Nje ya karakana moja palikuwa na kiti kirefu, kile kilichong'olewa kwenye basi, na juu yake amekaa Msemaji na dada mmoja ambaye miguu yake ilikuwa haifanyi kazi. Fundi alikuwa anachomelea kiti cha magurudumu cha yule dada. Msemaji alikuwa amekonda, lakini alinijua kabla sijamjua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Duka linakwendaje?"

"Linakwenda."

Akamtambulisha yule dada kwa kusema tu kwamba wanatoka kliniki na gurudumu limewavunjikia njiani. Yule dada alinisalimia, akarudi kwenye simu yake. Nikakaa. Cheche zilikuwa zinaruka na sisi tukageuza nyuso upande wa barabara. Basi la mwendokasi lilipita, likapita jingine.

Sikuwa nimepanga kumwuliza. Nilijisikia tu nimeshauliza.

"Mzee, siku ile wodini, mama alikuambia nini?"

Hakujifanya hakumbuki.

"Aliyoniambia ni yake."

"Ameshakufa."

"Bado ni yake."

Nikatikisa kichwa. Nilijua atasema hivyo. "Kaka anasema ulimshawishi," nikasema. "Alisema kwa watu wote."

"Najua."

"Na wewe hukusema kitu."

Fundi alizima mtambo wake. Msemaji akaupangusa uso kwa kiganja.

"Mimi nilitaka akatwe," alisema. "Nilikaa pale namwomba Mungu aseme ndiyo. Nilimwuliza kwa njia zote nilizozijua. Nilipomaliza nikamwuliza tena. Kila Ijumaa nilikuwa naomba njiani, leo abadilishe."

"Mbona hukumwambia mwenyewe? Ungemwambia tu, dada, kubali."

"Wote mlikuwa mnamwambia." Alisema polepole, bila kunilaumu. "Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja ambaye hamwambii."

Nilingoja nihisi kitu. Nilijiandaa, nikashika ukingo wa kiti, nikasema sasa kitakuja, hasira au majuto au hata furaha kwamba kaka amekosea miaka yote hii. Kilichokuja ni njaa. Njaa ya kawaida ya mchana, lakini sikuwa nimeisikia vile kwa muda mrefu sana, huwa nakula kwa sababu saa imefika. Nikamwuliza yule dada kama wamekula. Akasema bado. Nikavuka barabara, nikanunua mihogo ya kukaanga na kachumbari yenye pilipili, nikaileta kwenye gazeti, tukala watatu. Msemaji alikula. Fundi akamaliza, yule dada akapakiwa kwenye kiti chake, akajaribu, akasema kinavuta upande. Fundi akasema hakivuti. Yule dada akasema yeye ndiye anayekikalia. Fundi akakunja uso, akawasha mtambo tena.

Niliwaacha pale wanasubiri. Kidude cha cherehani sikukipata.

Jioni nilimpigia kaka. Nikamwambia nimemwona Msemaji huko Gerezani, tumekaa pamoja, na nikamwambia aliyonieleza, yote, kwa maneno yake. Nilisikia nyuma ya kaka magari ya bandarini yanarudi kinyumenyume na ule mlio wao.

Halafu akauliza, "Hajambo lakini?"

"Hajambo," nikasema. "Amekonda tu."

"Anakaa wapi siku hizi?"

Nikamwambia sikumwuliza, lakini nitaulizia.